Nafasi Pembeni ya Mheshimiwa

Ndugu zangu, leo naanza na jambo lililonishinda. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msihangaike kutafuta kijiji chake. Na bado ndani yake yumo mtu niliyemtoa kichwani mwangu, nikampa sura, nikampa sauti, na mpaka asubuhi hii sijamwelewa. Nimemfikiria nikipalilia migomba. Nimemfikiria hata hapa mbele yenu, kwaya ilipokuwa inarudia ubeti wa mwisho kwa mara ambazo hatukuomba. Wapi.

Mtu huyo alikuwa mwandishi, na alikuwa kiongozi wa serikali. Aliwahi kuwa balozi, akawa waziri, akaketi kwenye meza za kusuluhisha nchi zilizogombana. Vitabu vyake vilisomwa mashuleni. Watoto walivichukia wakati wa mtihani, wakavipenda walipopata watoto wao. Na kila kitabu, ukurasa wa mbele kabisa, kilikuwa na maneno yale yale: Kwa Tusekile. Huyo ndiye mkewe. Kitabu cha hadithi, kwa Tusekile. Kitabu cha mipaka ya nchi, kwa Tusekile. Hata kile cha kilimo cha chai, ambacho ndani yake hakuna mapenzi hata chembe, kwa Tusekile.

Sasa kanisa la kwao, huko milimani kwenye mvua na baridi, lilikuwa na desturi moja ya tangu enzi za mababu. Makaburini kwao watu hulala kwa zamu. Hakuna eneo la ukoo, hakuna eneo la wachungaji. Aliyekufa leo analala pembeni ya aliyekufa kabla yake, na atakayefuata, awe nani, atalala pembeni yake. Jiwe ni la aina moja kwa wote, la kulala chini, ukubwa wa mto wa kitandani. Jina, mwaka wa kuja, mwaka wa kuondoka. Basi. Mume utamkuta safu hii, mke safu ile, na katikati yao wamelala watu ambao pengine walipokuwa hai hawakusalimiana.

Mheshimiwa aliijua desturi hiyo kuliko wengi. Miaka ya nyuma tajiri mmoja wa mabasi alipotaka kumzungushia baba yake ukuta wa vigae, ni yeye aliyesimama kwenye mkutano wa kanisa akasema maneno yaliyomkalisha tajiri chini, kisha akayaandika kitabuni. Na alipougua, serikali ilimpa mahali pazuri mjini, penye bustani, na nafasi ya mkewe pembeni yake. Akakataa. Akasema, “Nipelekeni kwetu, kwa zamu.” Akijua kabisa kwamba kwa zamu, Tusekile wake hatalala naye.

Kwa nini? Mtu aliyempa mke wake vitabu vyote, kwa nini hakumpa shimo la pembeni? Wengine walisema ni unyenyekevu. Wengine walisema alisahau, maana wakubwa wana mambo mengi. Wazee fulani walisema, tena wakicheka, kwamba ndoa yao ilikuwa ndefu na mama yule ana maneno mengi. Mtu ana haki ya kupumzika. Mimi sijui. Yeye hakusema, na wala mimi niliyemtunga hakuniambia.

Basi akafa, akaletwa. Magari yalijaa mpaka kwenye mashamba ya viazi. Wizara moja ikaomba jiwe liandikwe vyeo vyake vyote. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, Mwalimu Mwaipopo, mstaafu aliyekuwa bado anatembea kama amebeba fimbo ya kuchapia, aliupokea ule mlolongo wa vyeo, akausoma wote kwa heshima, akasema, “Hivi vyote vitaingia, ila itabidi marehemu awe na mawe kama barabara.” Wakaandika jina na miaka miwili.

Upande wa kushoto wa Mheshimiwa alikuwa amelala mama mmoja aliyeuza ndizi za kuchoma stendi. Upande wa kulia palikuwa na majani tu. Na majani hayo, ndugu zangu, ndiyo yaliyomnyima Bibi Tusekile raha.

Kila alasiri alikuja na kigoda chake, akakaa, akampasha mumewe habari za kijijini. Lakini macho yake hayakuwa kwenye jiwe. Yalikuwa kwenye majani. Alikuwa mzima, meno yake mwenyewe, magoti yake mwenyewe, anapanda mlima bila kushika kiuno. Kwa mara ya kwanza maishani afya ile ikamchukiza. Akawa anasema moyoni, kwa mwendo huu nitalala kule mwisho wa uzio, karibu na choo cha shule ya Jumapili.

Akaenda kwa Mwalimu Mwaipopo.

“Mwalimu, nataka ile nafasi mnishikilie.”

“Mama, hapa hatushikiliani nafasi.”

“Hamshikiliani? Jumapili mbona kila benchi lina kitabu cha nyimbo kimelazwa kumshikilia mtu ambaye hata kanga hajavaa?”

“Hilo ni benchi, Mama.”

“Na ile ni nini? Si mahali pa kukaa tu, ila muda mrefu?”

Mwalimu akavua miwani. “Mama, mwenye maneno kuhusu hili ni Mheshimiwa mwenyewe. Yapo kwenye kitabu chake, sura ya makaburi. ‘Hapa tu ndipo ambapo hakuna anayemwambia mwenzake sogea.’ Niliwakaririsha wanafunzi. Nikuletee?”

“Usiniletee. Nakijua. Mimi ndiye niliyempikia alipokuwa anakiandika.”

Msicheke sana, wapendwa. Kutoka hapa nilipo naviona vitabu vya nyimbo viwili vimekaa peke yao kwenye benchi la tatu, na wenyewe hawajafika.

Lakini shida ya Bibi Tusekile haikuwa Mwalimu. Ilikuwa Mzee Asajile.

Asajile alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa tangu ujana, rika moja na Mheshimiwa, walichunga ng’ombe pamoja. Kifua chake kilikuwa kimechoka. Hospitali ya wilaya ilimlaza, ikamtazama, ikamrudisha nyumbani kwa ile sauti ya upole ambayo madaktari huitumia wasipotaka kurudiwa na swali. Kijiji kizima kikajua. Kwa zamu, nafasi ile ni ya Asajile.

Na yeye alifurahi! Hilo ndilo lililomchoma mjane. Waliokwenda kumwona walirudi wakisema mzee ana furaha ya bwana harusi. Maana, nisipowaambia hili hamtaelewa, katika kitabu kimoja Mheshimiwa aliweka mpiga tarumbeta mmoja mbahili, mwenye masikio makubwa, anayekosea noti. Wilaya nzima ilisema ni Asajile. Mitoto ilimwita kwa jina la yule wa kitabuni. Asajile aliapa hatakisoma, na hakukisoma.

“Nina maneno naye,” akawa anawaambia wageni. “Alipokuwa hai alikuwa na walinzi. Sasa tutalala bega kwa bega mpaka parapanda ya mwisho. Nitaanza na suala la masikio.”

Bibi Tusekile aliposikia hivyo alikaa jikoni kwake akitazama moto. Kumwombea mtu afe upesi ni dhambi. Hilo hata yeye alilijua. Lakini kumwombea mtu asife, je? Hiyo ni dhambi gani? Akamtazama jogoo wake mwekundu, jogoo akamtazama yeye.

Siku ile Mzee Asajile, mgane wa siku nyingi anayeishi peke yake, aliona mlango unasukumwa na mama anaingia na sufuria kichwani.

“Shemeji, amka ukae.”

“Kumbe Mama Mheshimiwa! Umekuja kuniaga?”

“Nimekuja kukunywesha supu. Ina tangawizi. Kunywa.”

Asajile akanusa, akaitazama supu, akamtazama mama, akacheka mpaka akakohoa. “Shemeji, nimekuelewa. Unataka kunichelewesha.”

“Kunywa.”

“Nafasi ile ni yangu.”

“Ni yako ukifa. Kunywa.”

Akanywa. Mtu mwenye njaa hana msimamo mrefu. Na supu ile, wapendwa, ilikuwa supu ya mwanamke aliyewahi kuwalisha mabalozi.

Akaja kesho. Akaja kesho kutwa na uji wa ulezi, maziwa na asali. Akamziba nyufa za ukuta kwa udongo, akamwanikia blanketi, akamfukuza kwenye moshi wa kuni. Asajile naye akajua bei yake imepanda.

“Shemeji, leo miguu ina baridi. Naona kama naitwa.”

“Miguu ya kila mtu huku ina baridi. Unataka nini?”

“Labda kama kungekuwa na kipande cha paja.”

Kijijini watu wakasimama pande mbili, upande wa mzee na upande wa kuku. Kuku wa Bibi Tusekile walikuwa wanakwisha, na kila siku mzee alikuwa anaonekana mlangoni akiota jua, mashavu yamerudi. Wasichana waliochuma chai wakipita walimwamkia, wakamuuliza, “Babu, bado upo?” Naye akajibu, “Leo ni maini. Nitaangalia kesho.”

Siku moja ya mvua, supu imekwisha na haja ya kuondoka haipo, Bibi Tusekile alitoa kitabu kile kwenye mkoba wake.

“Toa hicho nje,” Asajile akasema.

“Unataka kugombana na mtu milele na hujasoma alichoandika? Utamwambia nini? Atakushinda, unamjua alivyokuwa anaongea.”

Hoja hiyo ilimwingia. Akafumba macho, akasema, “Soma. Lakini taratibu, nipate pa kupinga.”

Akasoma. Mpiga tarumbeta alipoingia, masikio yake yakitangulia, Asajile alishika blanketi. Alipokosea noti mbele ya askofu na askofu akadhani ndiyo mtindo mpya, yule mzee alitoa sauti. Mama akanyamaza, akidhani ni kifua. Kilikuwa kicheko.

“Hilo lilitokea kweli,” Asajile akasema. “Askofu aliomba nirudie! Endelea.”

Akaendelea. Jioni ilipokaribia, mzee akauliza, “Mbona hajatokea tena? Kurasa zote hizi za mipango ya wabunge, yuko wapi?”

“Hatokei tena, shemeji. Alihamia mjini.”

“Alihamia mjini? Mimi?” Akakaa wima kitandani bila kusaidiwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu atoke hospitali. “Nimeitwa mbahili miaka yote hii kwa ajili ya kurasa nne? Na ananihamisha bila kuniuliza!”

“Ungesoma mapema ungemwambia aongeze.”

“Angeongeza?”

Bibi Tusekile akafikiri. “Kwako angeongeza. Alikuwa anakucheka hata usingizini.”

Asajile akageukia ukutani. Kisha akasema, “Kesho usilete supu, shemeji. Nitakuja kwako mwenyewe, nichukue vingine vyake.”

Akaja, na fimbo. Juma lililofuata akaja bila fimbo. Akaonekana anakata kuni zake. Ibada ikafika, akasimama na tarumbeta, akapiga kombo kama siku zote, na nusu ya kanisa ikalia. Bibi Tusekile alikaa benchi lake akiwa ameshinda. Aliyekuwa mbele yake kwenye zamu amepona. Majani bado yapo. Akaimba sauti ya kwanza mpaka ya tatu.

Sasa sikilizeni, maana mfano unageuka hapa.

Siku ya soko mtu mmoja alianguka kwenye lango la kanisa. Alikuwa muuza mafagio, wale wanaotembea wamebeba mzigo mgongoni kama kichaka kinachohama. Walipomfikia alikuwa amekwisha kufa. Hakuwa na kitambulisho. Ofisi ya kijiji ikatangaza, redio ya wilaya ikatangaza, hakuna aliyekuja. Hospitali ikasema haiwezi kuendelea kuutunza mwili wake. Amefia langoni pa kanisa, kanisa limzike.

Kwa zamu, ndugu zangu, zamu ya nani?

Wazee wa kanisa wakakutana vestri, kile chumba cha nyuma ya madhabahu. Na wale wale waliosema hapa hatushikiliani nafasi, wakaanza kukohoa kohoa na kutazama dari. Mmoja akasema, wageni wa wizara huja na wanafunzi kulitazama kaburi la Mheshimiwa, watakuta nini pembeni? Mwingine akasema, kule kwenye mianzi pana udongo laini sana, hata marehemu atapapenda. Mwalimu Mwaipopo, Mungu ambariki, alikumbuka kila neno la ile sura ya makaburi, akaanza kufuta miwani yake.

Mwishowe wakamwita Bibi Tusekile. Wakampa kiti chenye mto.

“Mama,” Mwalimu akasema, na hakuyainua macho, “tumekufikiria. Mgeni huyu tutamweka pembeni huko. Ile nafasi tutakushikilia. Itaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.”

Hapo ndipo alipotaka kufika. Supu zote zile, kuku wote wale, kigoda na alasiri zake. Alipewa bila hata kuomba. Alichotakiwa kusema ni asante.

Alikaa akisugua kanga yake kwa vidole.

“Huyu mtu,” akasema baadaye, “alipita kwangu. Nilikuwa nachemsha supu ya Asajile. Alisimama uani akasema hodi, Mama, mafagio. Na alikuwa anakohoa. Kikohozi kile kile. Nikakisikia kabisa, Mwalimu, mimi sasa nimekuwa mtaalamu wa vikohozi. Nikamwambia nina fagio. Akaenda.”

Mwalimu akaiweka kalamu chini. Mama akaendelea:

“Sufuria lilikuwa limejaa. Sikumpa kwa sababu hakuwa kwenye zamu. Angekuwa wa kijiji hiki, na nafasi ile ikawa inamngoja, ningemkimbiza njia nzima na bakuli.”

Ndugu zangu, simcheki yule mama tena, na wala simhukumu. Nani humu ndani atasimama amhukumu? Alipika kwa sababu mbovu, na Mungu hakuimwaga supu yake. Iliponya. Kama angengoja moyo usafike kwanza ndipo ainjike sufuria, leo Asajile angekuwa chini ya majani. Kwa hiyo wewe unayesema sina moyo safi wa kumtembelea mgonjwa, nenda na huo huo ulio nao. Moyo utafundishwa njiani.

Lakini tusiishie hapo tukajipongeza. Sisi tunapika, ndiyo. Tunampikia nani? Mgonjwa mwenye cheo tunamfikia kabla ya daktari. Mjomba mwenye shamba, tunajua dawa zake kwa majina. Jirani ambaye uhai wake unatugusa mahali, huyo tunamwombea kwa sauti. Na nani aliyepita uani kwako juma hili akikohoa, ukamwambia fagio ninalo? Tangawizi ile ile ingemfaa. Kifua cha mgeni kinaitikia supu kama kifua cha mpiga tarumbeta. Sisi ndio tuliogawa vifua, hiki kipo kwenye hesabu yangu, hiki hakipo, kisha tunakuja hapa tunashika mikono tunaimba kwamba tu mwili mmoja. Mwili gani huo unaojua kikohozi cha pafu moja tu?

Nikirudi vestri, kikao hakikuwa kirefu. Mwalimu Mwaipopo alimuuliza mjane, “Mama, unajua ukikataa leo, nafasi haitarudi?” Naye akajibu, “Mume wangu aliniachia ukurasa wa mbele wa vitabu vyote. Huyu mmpe majani.” Wakaamua mgeni azikwe kwa zamu, pembeni ya Mheshimiwa, na jiwe kama la wote.

Kulipokucha vijana wa kuchimba walichelewa kwa ajili ya mvua. Walipofika walikuta shimo limefika kiunoni, na ndani yake yumo Mzee Asajile na jembe lake, anatupa udongo juu na kumgombeza Mheshimiwa upande wa pili kwa ajili ya zile kurasa nne. Walimwomba atoke, akakataa, akasema supu ya yule mgeni aliinywa yeye. Akalimaliza mwenyewe.